Mjomba Nishauri: Baba ataka matumbawe, mume ataka usingizi

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mombasa, nimeolewa, nina watoto wawili. Tangu mama atutoke, baba anakaa nasi. Baba alikuwa baharia, fundi wa mitambo melini, na tangu astaafu hana pa kuipeleka ile akili yake ya pampu na mabomba ila kwenye tangi la samaki lililoko sebuleni kwangu.

Tangi lenyewe aliachiwa na rafiki yake aliyehama mji. Ni la kioo, urefu wa mita moja na ushee, na wanasema linashika lita 300. Kwa sasa mna mchanga, filta ndogo ya kuning'iniza ukingoni, na samaki wanne wa maji chumvi. Wawili ni wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na watoto wameshawapa majina. Baba anasema huo ulikuwa mwanzo tu. Sasa anataka tangi la matumbawe: mawe, matumbawe laini yanayopepea, taa ya buluu, yote. Nami nimeambiwa na kila mtu kwamba kwa filta ile ndogo, matumbawe hayaishi.

Hapo ndipo mashauri yalipoanza, na kila mtu ana lake. Fundi wa duka la samaki anataka kutuuzia filta kubwa ya mkebe, ile inayokaa chini ya kabati, ndani yake mna sponji, vipande vya vigae na mipira ya plastiki, na juu yake taa ya UV. Bei yake inakaribia karo ya muhula ya watoto wote wawili. Ananiambia, "Ukishafunga hii, mama, umesahau." Kaka yangu aliyeko Muscat anafuga matumbawe huko, naye hataki hata kusikia habari ya mkebe. Yeye anasema skima, yaani mashine ya kutoa uchafu majini kwa povu, na mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe vyake, basi. Hiyo skima ataileta mwenyewe akija likizo, sisi tutengeneze tangi la pili chini ya kabati. Halafu kuna binamu yetu wa Mtwapa, ambaye anatucheka sote. "Bahari iko hapo, mnanunua bahari ya nini?" Anasema bamvua ijayo, maji yakitoka, atatuvunjia mawe mwambani yakiwa na viumbe vyake, na kila wiki atatuletea maji ya bahari kwa jerikeni. Tutie pampu ya hewa tu, na hatutahitaji filta yoyote.

Mume wangu si mtu wa maneno. Anafanya kazi za zamu bandarini, mara nyingi analala mchana, na ukuta wa chumba chetu ndio ukuta wa sebule. Alikwenda kwa mwenzake mmoja akaiona skima ikifanya kazi, akarudi akisema inakoroma na inanuka. Pia analalamika kuhusu tokeni za stima, kwamba tangu tangi lije zinayeyuka. Juzi akasema mbele ya baba: "Libaki lilivyo au lihamie barazani, lakini mimi sitalala na mashine." Baraza letu linapigwa na jua tangu adhuhuri hadi magharibi. Baba hakujibu. Si mtu wa kubishana na mkwewe. Ila kesho yake hakuwalisha samaki, nikawalisha mimi.

Kuna na hili la pesa. Sisi ndugu tumechanga pesa za baba kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, nami ndiye ninayeziweka. Baba anasema macho yanaweza kungoja, anaona vya kutosha. Kaka anasema ni pesa za mzee, mwacheni aamue.

Stima kwetu inakatika mara kwa mara, wakati mwingine usiku kucha. Kubadilisha maji siku hizi nafanya mimi, kwa sababu mgongo wa baba haumruhusu kubeba ndoo. Nikimsikiliza fundi, kaka ataona nimemdharau. Nikimsikiliza kaka, mume wangu atahamia kwao. Binamu naye tayari anauliza tunataka mawe mangapi.

Mjomba, nichague kichujio kipi kisichopiga kelele, kisichokula stima, kitakachoyaweka hai matumbawe na kisichomfanya baba aone jambo lake limesukumwa kando?

Binti wa Baharia,
Mombasa


JIBU

Marahaba binti yangu, na pole kwa kuondokewa na mama.

Umeniuliza swali moja la kichujio, lakini katika barua yako nimewakuta watu watano, na kila mmoja anadai kitu chake kutoka kwenye tangi hilo hilo. Fundi anataka kuuza. Kaka anataka kushiriki akiwa mbali. Binamu anataka kutumika. Mume anataka kulala. Wewe unataka wote waridhike, na hicho ndicho kitu pekee ambacho sijaona kikiuzwa katika duka lolote la samaki. Lakini kuna wa sita ambaye sikumsikia. Umenieleza fundi asemavyo, kaka asemavyo, binamu asemavyo. Baba asemaje kuhusu kichujio? Mtu aliyekaa miaka na mitambo ya meli, anayejua pampu ya maji ya bahari ikizibwa na takataka injini inapata joto, hawezi kukosa neno hapa. Huenda kalisema ukasahau kuliandika. Huenda pia hakuna aliyemuuliza.

Nitakupa ninachokijua kuhusu hizo njia, kisha mrudi mezani wenyewe.

Anza na kazi yenyewe. Samaki akila, anatoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Bakteria hao hukaa juu ya kitu chochote kigumu kilicho ndani ya maji yenye oksijeni: sponji, kigae, mpira wa plastiki, jiwe, hata kioo. Kwa hiyo fundi hakukudanganya. Mkebe wake utaimaliza amonia, na tangi la samaki watupu linaweza kuishi nao miaka mingi.

Tatizo ni kwamba safari ya mkebe inaishia kwenye nitrati. Humo ndani maji yanapita kwa kasi, oksijeni imejaa, na bakteria wanaoweza kuigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni ikatoka majini huhitaji mahali pasipo na oksijeni nyingi. Mahali hapo ni ndani ya jiwe lenye vitundu, au chini kabisa kwenye mchanga mwingi. Wafugaji wa matumbawe wameibandika mipira ile jina la kiwanda cha nitrati, na wamegundua pia kwamba mkebe usipofunguliwa, mabaki ya chakula na kinyesi huoza ndani ya sponji huku maji yakiendelea kupita juu yake. Hapo ndipo ninapoitilia shaka ile kauli ya "umesahau." Mkebe katika tangi la matumbawe hufunguliwa kila baada ya wiki moja au mbili, sponji ikasuuzwa kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba, maana klorini ya bomba huua wale bakteria. Nani ataufungua? Kwa jinsi ulivyoandika, naona ni wewe.

Na stima ikikatika, mkebe ni kitu cha kuogopa kuliko vyote ulivyotajiwa. Umefungwa, maji yamesimama, bakteria wanaendelea kupumua. Baada ya saa kadhaa oksijeni ya ndani imekwisha, wanaanza kufa, maji yananuka mayai viza. Stima ikirudi saa tisa ya usiku nyote mmelala, pampu inayamwaga maji yale yote tangini. Anayeishi na mkebe mahali penye kukatika stima hujifunza kuuchomoa kwenye soketi mara tu umeme unapopotea, na kuusafisha kabla ya kuuwasha tena. Ile taa ya UV nayo si kichujio. Inaua mwani unaoelea na baadhi ya vimelea vinavyopita mbele yake, haitoi uchafu wowote majini. Kama ungeniuliza kipi cha kwanza kukata kwenye ile bei, ningeanza hapo.

Njia ya kaka yako inaitwa ya Berlin, kwa sababu wafugaji wa mji huo ndio walioieneza katika miaka ya 1970 na 1980: mawe mengi yenye vitundu, maji yanayozunguka kwa nguvu, na skima. Umewahi kutembea ufukweni wakati wa kusi, upepo umechafua bahari, ukaona povu la rangi ya kahawia limerundikana mchangani? Skima inafanya jambo lile lile ndani ya bomba. Inavuta hewa, inaikatakata kuwa mapovu madogo sana. Protini na mafuta yaliyoyeyuka majini, ambayo kila chembe yake ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, hung'ang'ania kwenye povu, yakapanda nalo hadi kwenye kikombe cha juu. Asubuhi unakuta kikombe kina maji ya rangi ya strungi. Uzuri wake ni kwamba uchafu umetoka majini kabla haujaoza, haujawa hata amonia. Na kwa sababu inapiga hewa muda wote, maji yanajaa oksijeni, jambo kubwa kwa mji wenye joto kama Mombasa, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi.

Mume wako hakukosea kuhusu harufu. Kikombe kile kisipomwagwa kwa siku kadhaa, sebule itanuka jaa la samaki. Kikimwagwa na kuoshwa shingo yake kila siku mbili tatu, chumba hakinuki. Kelele nayo ni ya kweli, ila haiko sawa kwa kila mashine. Skima ya bei rahisi hukoroma pale inapovuta hewa. Zenye pampu mpya za umeme wa DC, zikiwekwa ndani ya kabati lenye mlango na sponji chini yake, sauti hushuka sana. Swali ambalo singependa ulijibu kwa niaba yake ni kama "sana" inamtosha mtu anayelala saa nne asubuhi ukuta wa pili. Kabla hamjamkatalia kaka wala hamjakubali, mume asikilize hiyo hiyo itakayoletwa, hata kwa simu, kaka akiisogeza karibu na kabati lake huko Muscat. Aliyoisikia kwa mwenzake ilikuwa ya mwenzake.

Kuna hatari nyingine katika njia ya kaka, na sioni kama ameitaja. Tangi la pili chini ya kabati maana yake maji yanashuka na pampu inayapandisha. Stima ikikatika, pampu inasimama, lakini maji hayasimami papo hapo: yanaendelea kushuka hadi usawa wa tangi la juu ufikie mdomo wa bomba. Kama tangi la chini halikuachiwa nafasi, yanamwagika. Nimeona zulia la Kiajemi likiharibika kwa kosa la sentimita tatu. Baba yako atalielewa jambo hili kwa nusu sentensi, na kulijaribu ni rahisi: jaza, washa, chomoa kwenye soketi mchana mkiwa mmesimama hapo, mtazame.

Sasa binamu. Usimcheke kama anavyowacheka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwapo mfugaji wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliyewashangaza watu wa Ulaya na Marekani kwa kufuga matumbawe bila filta yoyote: mawe kutoka baharini yakiwa na viumbe vyake, maji ya bahari, mwanga wa jua, na mapovu ya hewa. Mawe ndiyo yaliyokuwa filta. Hata njia ya Berlin imesimama juu ya wazo hilo. Kwa nyumba yenye stima ya kubahatisha, ina faida moja kubwa: pampu ndogo ya hewa ya betri, ile inayojiwasha umeme ukikatika, inaweza kulivusha tangi usiku mzima endapo samaki ni wachache.

Lakini kwa yale mawe, binti yangu, niache nikuzuie kidogo. Mbele ya Nyali na Bamburi kuna Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, na humo huruhusiwi kuchukua hata kombe. Matumbawe magumu yote, na mawe hai yanayotokana nayo, yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata matumbawe magumu ambayo baba huenda akayanunua baadaye, kama yametoka nje ya nchi, muuzaji awe na karatasi zake, nanyi muombe kuziona. Binamu anayevunja mwamba kwa nyundo wakati wa bamvua anakupa zawadi inayoweza kumfikisha kituoni. Na tukiacha sheria, mwamba wetu ulipauka na kufa kwa kiasi kikubwa mwaka 1998 bahari ilipopata joto. Bado unajijenga. Baba aliyeishi maisha yake baharini huenda asifurahie jiwe lililovunjwa huko kwa ajili yake. Tena jiwe bichi likikaa juani nyuma ya pikipiki kutoka Mtwapa, nusu ya viumbe vyake watafika wamekufa, na watawaozea tangini.

Mji wako una jibu ambalo wafugaji wa nchi nyingine hununua kwa kilo. Mawe tunayojengea nyumba pwani, yale ya kuchimbwa nchi kavu, ni mwamba wa kale wa matumbawe uliobaki bahari iliporudi nyuma. Kule Florida wanachimba mawe ya namna hiyo na kuyauza kwa ajili ya matangi. Jiwe hilo likiwa jipya kutoka timboni, halijapata saruji wala rangi, na lina vitundu vingi, linafaa. Lipigwe brashi, liloweshwe kwenye pipa la maji ya chumvi lenye pampu, maji yabadilishwe mara kadhaa na fosfati, ambayo ni chakula cha mwani, ipimwe, maana mawe mengine huitoa kwa muda mrefu. Kisha bakteria watalivamia wenyewe, kwa kusaidiwa na sponji ya ile filta yenu ya sasa. Hesabu mwezi, mwezi na nusu, pengine zaidi, kabla halijaweza kubeba kazi. Binamu anaweza kupewa hiyo kazi ya mawe, na hakuna atakayemkamata.

Maji yake nayo yana masharti. Wakati wa kaskazi, bahari imetulia, maji yakiwa yamejaa, yachotwe upande wa bahari kuu mbali na mlango wa hori na mifereji, hayo ni maji mazuri. Wakati wa masika mvua inasukuma kila kitu cha mji baharini, na bora kuwa na chumvi ya paketi akiba. Jerikeni mbili za lita 20 kila baada ya wiki mbili ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya tangi lenu, zinatosha kwa samaki wanne. Maji yanayopungua kwa mvuke yajazwe kwa maji baridi yaliyosafishwa, si ya chumvi, kwa kuwa chumvi haivukizi. Msitumie ya kisima. Wale wanaouza maji ya kusafishwa mitaani waulizeni kama wanayaongezea madini, mchukue yasiyoongezwa.

Hakuna aliyekutajia mwani, nami nashangaa, maana akina mama wa Kibuyuni, kule Kwale, wanaulima. Katika tangi, mwani wa kufaa ni ule unaofanana na uzi uliojisokota, ketomofa, unawekwa kwenye sehemu yake yenye taa ndogo inayowaka usiku. Unakula nitrati na fosfati, hauna kelele, hauna harufu, na kila wiki mbili unang'oa konzi moja ukatupa. Msitie wa aina ya kalepa, ingawa ni mzuri machoni: ukiamua kuzaana hujimwaga wote kwa usiku mmoja, maji yakawa meupe na oksijeni ikashuka. Udhaifu wa njia hii ni kwamba ni ya polepole, na tangi likizidiwa na samaki mwani hauwezi kuumaliza uchafu wao.

Kuhusu tokeni, tufanye hesabu badala ya kulaumu. Skima ya wati 15 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 inakula uniti 11 hivi. Mkebe wa wati 20, uniti 14. Pampu ya kupandisha maji ya wati 25, uniti 18. Sasa taa ya matumbawe ya wati 120, saa tisa kwa siku: uniti 32. Na joto likiwashinda mkalazimika kununua mtambo wa kupoza maji wa wati 300, ukifanya kazi saa nane tu kwa siku, ni uniti 72. Filta iliyopo ukingoni sasa hivi ni ndogo mno kuyeyusha tokeni, labda kuna kingine nyumbani kinachozila. Lakini mume wako ana haki ya kuogopa kinachokuja. Ndiyo maana barazani, na jua lile la tangu adhuhuri, ni mahali pa gharama kubwa kuliko sebuleni. Matumbawe yanataka nyuzi 25 hadi 27. Likihamia huko mtapunguza kelele na kununua joto. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huteremsha nyuzi mbili hivi, ingawa kwa unyevu wa Mombasa msiitegemee sana.

Jambo jingine ambalo kila aliyekushauri amelipita: kusafisha kupita kiasi. Mkebe, skima, mwani na dawa za kuvuta fosfati vyote kwa pamoja, nitrati na fosfati zikafika sifuri, na matumbawe yanadhoofika kwa njaa huku utando wa kahawia wenye mapovu ukifunika mchanga. Matumbawe laini anayoyataka baba huvumilia maji yenye uchafu kidogo. Nitrati ya miligramu 5 hadi 10 kwa lita haiwatishi wenye matumbawe hayo. Hamhitaji mashine zote alizozitaja kila mtu ili kila mtu aheshimiwe.

Hapo tumefika kwenye vipimo, na kwenye mstari uliouandika kwa haraka. Vipimo vya maji nyumbani husomwa kwa rangi: matone kwenye kichupa, kisha unalinganisha njano hii na njano ile, waridi hii na waridi ile. Mtoto wa jicho huyafanya macho yaone rangi zimefifia na kuelekea njano. Baba anaweza kufunga mabomba kwa kupapasa, lakini kichupa cha nitrati hatakisoma. Sikwambii umwambie hivyo ili kumshinda. Inawezekana anaogopa upasuaji na tangi ni mahali pa kujifichia. Inawezekana pia kweli anaona vya kutosha kwa maisha anayoyataka, na kaka yako ana hoja anaposema pesa ni za mzee. Ingawa nikiwa mmoja wa waliochanga kwa ajili ya macho, ningependa kuulizwa kabla hazijawa pampu.

Kinachonipa moyo ni kwamba njia hizi hazilazimishi uamuzi wa siku moja. Mawe ya timboni na pipa lake ni gharama ndogo, yanakaa uani, hayapigi kelele, na yanahitaji wiki nyingi za kungoja hata mkiwa matajiri. Katika wiki hizo kaka hajaja likizo bado, skima haijaletwa, mkebe haujanunuliwa, na daktari wa macho anaweza kuonwa au asionwe. Hatari ya kungoja ni kwamba baba aione kama njia ya heshima ya kumwambia hapana. Kama pipa litakuwa lake kweli, na yeye ndiye atakayepanga mabomba, sidhani ataliona hivyo, lakini wewe unamjua, mimi simjui.

Na ile siku hakuwalisha samaki, usiibebe peke yako kama kosa la mume. Yeye alisema mbele ya mkwewe neno ambalo huenda alilikusudia kwako. Wanaume wawili katika nyumba moja, wakati mwingine huzungumza vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Mtu wa bandarini na mtu wa melini hawakosi la kuzungumza juu ya bomba. Kama mume ataombwa na baba mwenyewe aje asikilize kabati likiwa limefungwa na akiwa ndani ya chumba chake, atakuwa amepewa kura badala ya kufikishiwa habari. Anaweza bado kusema hapana. Hapo mtakuwa na njia ya mawe, mwani na jerikeni, ambayo haina mashine ya kukoroma lakini ina mgongo wa kubeba maji, na mgongo huo msiuchukulie kuwa ni wako tu kwa kuwa ndio uliopo.

Muulize baba swali moja kwa niaba yangu, kwa maneno ya kazi yake: stima ikikatika saa nane ya usiku na yeye hayupo, angependa kitu gani kiwe kinafanya kazi ndani ya tangi lile, na nani akiwashe? Ukiniandikia tena, nipe jibu lake kama alivyolisema, pamoja na kipimo cha nitrati cha sasa na joto la maji la saa tisa alasiri. Na uniambie kabati lina nafasi kiasi gani chini, kwa sentimita, ukipima kwa ndani.

Mjomba